Muhuri wa Kiazi Mgongoni mwa Shati

Shati lilikuwa la mwanafunzi wa darasa la nne, jeupe pe. Nililimaliza usiku, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nikalala. Asubuhi mteja alipokuja kulichukua alilikunjua, akaligeuza, akanionyesha mgongo bila kusema neno. Chini kidogo ya kola palikuwa na duara la zambarau, ukubwa wa mfuniko wa chupa ya jamu, na ndani yake herufi nne zilizopinduka. Ukizitazama kwenye kioo zinasema PITA.

Nilijaribu ndimu na chumvi. Nilijaribu jua. Nilijaribu ile dawa ya kung'arishia nguo inayonuka hadi kwa jirani. Zambarau ilififia ikawa waridi, na hapo ikakataa katakata kusogea. Ikabidi nikate shati jipya: kitambaa cha shilingi 220, vifungo, na jioni nzima ya kazi. Lile la kwanza bado ninalo. Kitinda mimba wangu hulivaa kila zamu yake ya kuwa ofisa inapofika.

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Kenya, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka lango la mpakani. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, na balaa linaanzia hapo, kwa sababu msimu wa sare ndio msimu wa likizo. Shule zikishafungwa mwishoni mwa Oktoba, wazazi wachache huleta watoto kupimwa Novemba. Wengine wote humiminika baada ya Krismasi, kila mmoja na haraka zake. Kwa hiyo kipindi kile kile ambacho wanangu watatu wako nyumbani, wiki tisa au kumi mfululizo, mimi nimeinamia cherehani nikiwavalisha watoto wa watu.

Desemba ikiingia, mdogo wangu anayeishi Tororo huniongezea wawili. Kalenda za shule za Kenya na Uganda hazijawahi kupatana. Wetu hufunga mwaka wakati wa kwao bado wako kati ya muhula wa tatu. Wa kwao hufunga Desemba na kurejea Februari, wetu wakiwa wameshamaliza mwezi darasani. Novemba wangu huulizia wenzao kila jioni, Januari wao huulizia wangu. Desemba peke yake ndiyo mwezi wa wote, na mwezi huo nyumba yangu huwa na watoto watano, mbali na wale wa jirani ambao huja asubuhi na kuondoka wakiitwa kwa kelele.

Mimi husoma mara kwa mara ushauri wa jinsi ya kuwachangamsha watoto likizoni. Wapeleke kuogelea. Wapeleke kuona wanyama. Waandikishe kambi ya mafunzo. Ushauri mwingine umeandikwa huko ambako jua lenyewe lina msimu, watu wakilisubiri mwaka mzima. Sisi tuko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, jua halitupi likizo, na bwawa la kuogelea lililo karibu nami lina kiingilio ambacho, mara watoto watano, ni unga wa wiki.

Kwa miaka kadhaa nimejaribu njia za bei nafuu, na nimefikia kuamini jambo moja ambalo washauri hawalisemi. Mchezo usio na gharama haupo. Upo mchezo usiolipiwa pesa, na huo hulipwa na mtu mzima aliye karibu: kwa kelele, kwa tope, kwa sufuria iliyopotea, na siku moja moja kwa shati jeupe. Wazazi wengi wa mji huu wakiniambia hawana pesa za kuwachangamsha watoto nawaelewa, maana hata mimi sina. Lakini nikitazama vizuri naona bili inayotushinda ni ile ya pili.

Turudi kwenye muhuri. Nyuma ya duka langu kuna ploti tupu, na mwenyewe yuko Nairobi. Hapo ndipo palipo na mpaka wa pili wa Busia. Mstari ni wa majivu. Malori ni jerikani za mafuta ya kupikia zilizopasuliwa kwa urefu, magurudumu yake yamekatwa kwenye ndara zilizochakaa, vyuma vya kuzungushia magurudumu vimetolewa kwenye mwavuli uliokufa. Jerikani mbili zikiunganishwa kwa waya inakuwa trela. Mchanga ni sukari. Kokoto ni simenti ya Tororo. Magunzi ya mahindi, sijui kwa nini, ni mafuta ya ndege. Hati za mizigo ni karatasi zangu za vipimo, zile za kukatia kola na mikono, na nimeshazisaka hadi nikachoka.

Dereva akifika kwenye majivu husimama, hukohoa kama injini ya dizeli, kisha hushuka. Ofisa humwuliza anatoka wapi, amebeba nini, mbona sukari yake ina mizizi. Kuna msimamizi wa foleni mwenye kijiti. Kuna mama wa kuuza chai ya vumbi kwa madereva. Kuna pia, siku zote, mmoja anayeambaa pembezoni na mfuko mgongoni akinyemelea kuvuka bila kuonekana, na hiyo ndiyo nafasi inayogombewa kuliko zote.

Siku moja walikuja wawili kwangu wakitaka niamue kesi.

"Mama mkubwa, mwambie huyu," alisema mtoto wa mdogo wangu. "Unasimama upande mmoja tu. Unagongewa yote hapo hapo, kisha unaenda."

"Wewe umejuaje?" akajibu kifungua mimba wangu. "Ulikuja na bodaboda kwa njia ya chini. Hukugongewa hata moja."

Nikazidisha mwendo wa cherehani nisisikike nikicheka. Wa Tororo alikuwa na haki: tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018, msafiri anamaliza shughuli za nchi zote mbili upande anaoingia. Wangu naye alisema kweli, na nauli ya ile bodaboda niliilipa mimi. Tena neno lenyewe bodaboda ni la hapa hapa. Lilizaliwa mpakani kwetu miongo mingi iliyopita, wenye baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, kabla pikipiki hazijalirithi na kulitawanya Afrika Mashariki nzima.

Mchezo huu haukubuniwa na mwalimu wala mzazi. Ulianza mwaka 2020. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi mwaka huo, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Uganda ilifunga siku chache baada yetu, ikafungua kidogo kidogo, ikafunga tena Juni 2021, na madarasa yote yakarudi 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi duniani iliyowaweka watoto nyumbani muda mrefu hivyo. Madereva wa malori walikuwa wakipimwa korona mmoja mmoja, foleni ikapimwa kwa kilomita, na watoto wetu walikaa kwenye ukuta wakitazama. Mtoto akitazama kitu kwa mwezi mzima lazima atakicheza. Ofisa wa kwanza kabisa wa mpaka ule wa majivu alikuwa "daktari", na kifaa chake kilikuwa bua la mtama alilowaingizia madereva puani. Kwa hilo niliingilia kati.

Muhuri ulikuja baadaye, na huo naukiri, niliwafundisha mimi. Unachukua kiazi kitamu kilicho kigumu, unakikata katikati kwa kisu chenye makali ili uso ulale sawasawa. Unachora herufi kwa msumari, kisha unachonga pembeni ili herufi zibaki juu. Wino tunao uani bure. Nderema ile tunayoichuma kwa mboga, ukiiacha ikapanda kwenye ua, hutoa matunda madogo meusi yanayong'aa. Yaminye kwenye kifuniko, tia chumvi kidogo, una wino wa zambarau ambao, kama nilivyokwisha kusema, hautoki. Mara ya kwanza mwanangu alichonga herufi zikiwa zimenyooka, ndiyo maana PITA ilitoka imepinduka. Alikaa kimya na kile kiazi kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuchukua kioo cha baba yake cha kunyolea, akakisimamisha mbele ya karatasi, akaanza kuandika upya akitazama kiooni. Saa nzima mtoto wa miaka tisa hakuniuliza kitu. Kiazi kiligharimu shilingi tano, na jioni tulikila kilichobaki.

Sasa tazama zile njia nyingine ambazo tunaziita nafuu.

Simu ndiyo ya kwanza. Bando la shilingi 50 halimalizi shughuli ya kushona mfuko mmoja wa kaptura, kisha mtoto anarudi akilia kuliko alivyokuwa.

Kuna vibanda vya video. Sitavisema vibaya kupita kiasi, kwa sababu nilikulia humo. Uganda wameufanya ufundi: kuna watafsiri wanaoitwa ma-VJ, VJ Jingo na VJ Junior wakiwa kati ya waliojijengea jina, wanaochukua filamu ya Kichina au ya Kimarekani na kuisimulia upya kwa Kiganda, wakitia mizaha na majina ya mitaa ya Kampala. Hata jina la vibanda hivyo kule ni letu. Waganda husema "bibanda". Mtoto wa mdogo wangu hukaa juu ya ukuta akiwatafsiri wapita njia: huyu mwenye mkoba anamkimbia mdai wake, yule mama mwenye kuku anampelekea mkwe asiyempenda. Kipaji hicho hakukipata shuleni. Ila kiingilio cha shilingi kumi, mara watoto watatu, mara siku sitini, si nafuu tena, na giza la mle ndani lina wakubwa wenye shughuli zao.

Kuna masomo ya likizo. Mwaka mmoja nilimlipia mwanangu shilingi 1,500 kwa mwalimu mmoja ambaye simtaji. Kwa wiki tatu alinakili kitabu kile kile alichonacho nyumbani, akirudi na mwandiko mbaya zaidi. Baadaye ndipo mteja wangu mmoja, anayefanya kazi kwa wakili, aliponiambia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Wazazi tunalalamika juu ya walimu, lakini ni sisi tunaowapigia simu wiki ya kwanza ya Novemba tukiuliza wataanza lini. Tunachonunua pale ni utulivu wetu. Mtoto akiwa amekaa kwenye dawati la mtu, hapigi kelele nyumbani.

Na kuna ile njia ambayo haigharimu mzazi hata senti, bali inaleta pesa nyumbani. Yeyote anayeishi hapa anaijua. Kijana wa miaka kumi na miwili asiye na la kufanya hachelewi kuonwa. Ataambiwa avushe kilo chache za sukari, au trei mbili za mayai, kwa njia za panya, na atapewa noti mkononi. Nimewaona kwa macho yangu wakipita nyuma ya nyumba alfajiri, vichwa vimeinama, hawaonekani kabisa kuwa watoto. Katika mji mwingine mtoto aliyechoshwa na nyumba atavunja kioo cha jirani. Busia ataajiriwa. Ndiyo maana nikiwaona wanangu wakigombea kuwa mwenye magendo kwenye ule mpaka wa majivu siwakatazi. Pale angalau anakamatwa na mdogo wake, anapigwa muhuri wa zambarau kwenye paji la uso, na mchezo unaanza upya.

Nimesema tope, basi niwaambie juu ya kumbikumbi, kwani hapo ndipo bili ya pili ilipokuwa kubwa na ndipo nilipoilipa kwa furaha.

Waluhya husema tsiswa au chiswa, kutegemea ulikozaliwa, na Waluo husema ngwen. Kuna wanaotoka wenyewe mvua ikishanyesha, wakaijaza taa ya barazani. Kuna wengine wanaodanganyika. Kwenye kichuguu kilicho kando ya shamba la mihogo la mama mkwe, watoto husafisha tundu kwa jembe, wakasimika fito zilizopinda kama upinde, wakafunika kwa blanketi kuukuu na majani ya migomba ili ndani kuwe giza. Huachwa uwazi mmoja tu wa kuingiza mwanga, na mbele yake huchimbwa kishimo kilichotandikwa jani. Kisha huja mdundo. Wawili hukaa chini na vijiti, wakagonga ubao uliolazwa ardhini: taratibu kwanza, kama matone ya mwanzo, kisha kwa kasi, kama mvua iliyokolea. Hawaruhusiwi kuacha. Hawaruhusiwi hata kucheka. Kukhu, yaani nyanya yao, husimama pembeni na kikapu akiwarekebisha: "Hiyo si mvua, hiyo ni mbuzi anakimbia."

Mwaka jana walipiga kwa muda ambao ningeweza kushona sketi mbili. Nilikuwa nimeinuka niende zangu, kitinda mimba akaninyamazisha kwa kidole. Chini ya blanketi palisikika kama karatasi inayokunjwa. Akatoka askari mmoja mwenye kichwa chekundu, akazunguka, akarudi. Kisha wakaja wenyewe, mabawa yamekunjwa mgongoni, wakifuata mwanga na kuangukia kishimoni mmoja juu ya mwingine, hadi jani likapotea. Watoto walidanganya wadudu kwamba mvua imenyesha, na wadudu wakaamini. Sijui kama kuna kiingilio cha mahali popote kinachoweza kununua zile nyuso.

Walikaangwa bila mafuta, kwa chumvi tu, wakaliwa na ugali wa mtama na muhogo. Kikombe kimoja waliuza kwa jirani, wakanunua kamba. Blanketi halikufaa tena na watoto watano walilala bila kuoga kwa sababu maji yaliisha. Hiyo ndiyo bei.

Mambo mengine yote ni madogo kuliko hayo, nayataja tu. Mpira wa nailoni umekuwa mgumu kupatikana upande huu, maana Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na malighafi ya mpira ikageuka kosa lenye faini ya mamilioni. Kule ng'ambo bado wana kavera, yaani mifuko hiyo hiyo, na sitaeleza zinafikaje hapa. Mimi huwatengenezea wa vipande vya sare: buluu ya shule moja, kijani ya nyingine, maruni katikati, nimeshona kama chungwa na kujaza mabaki. Unadunda kama mzigo, lakini kwa mchezo wa kati haudhuru, maana ukikupiga hauumi. Wa Tororo wanauita kwepena, na wanangu walipousikia mara ya kwanza hawakuhitaji mkalimani. Wanaukwepa mpira, basi wanakwepana. Wala bao halina mpaka. Mweso wa Waganda na bao la Waswahili yote yana mashimo 32 na kete 64, ingawa sheria zinatofautiana, na kwenye ploti ile wamechimba mashimo ardhini, wakaokota mbegu, na kutunga sheria za tatu ambazo hubadilika kila anaposhindwa mkubwa.

Gazeti hili nalo lina kazi yake baada ya kusomwa. Kurasa mbili za katikati, vijiti viwili vya matete vilivyofungwa msalaba, ujiuji wa unga badala ya gundi, mkia wa kitambaa kutoka sakafuni kwangu, una tiara. Alasiri kabla ya mvua upepo hutoka upande wa ziwani na tiara hupanda vizuri. Ombi langu kwa mhariri ni moja: kurasa za matangazo ya mnada ni nzito mno, zinaanguka.

Nisionekane kama ninayesema watoto waachwe tu. Kuachwa na kuruhusiwa ni vitu viwili. Ploti yangu naiona kutoka kwenye kiti changu, na nimeweka cherehani upande wa dirisha kwa sababu hiyo. Mashimo ya wachoma matofali yakishajaa maji ya mvua yanaonekana kama bwawa na hayana kina kinachojulikana. Huko hakuendwi hata kwa tiara iliyokatika. Nyaya za umeme, vivyo hivyo. Barabara ya malori haivukwi bila mkono wa mkubwa, kwa maana dereva wa trela aliyekaa foleni siku nzima akipata nafasi haangalii chini. Sheria ni hizo tatu tu. Nilipokuwa nazo kumi na tano hawakushika hata moja.

Kina mama wenzangu huniuliza nawezaje, watoto watano na maagizo ya sare hamsini. Jibu ni kwamba siwezi. Mashati mengine huchelewa. Baadhi ya siku nawafokea hadi najuta. Ila nimeacha kuwafukuza. Zamani neno langu la kwanza kila nilipoinua kichwa lilikuwa "tokeni hapo", iwe ni mlangoni, uani, barazani au chini ya meza, na jioni nikashangaa kwa nini wanasema hawana la kufanya. Walikuwa nalo. Nilikuwa nimelifagia.

Mji nao unafagia. Nilipohamia mtaa huu palikuwa na viwanja vinne ambavyo mtoto angeweza kukimbia bila kugonga ukuta. Kimoja sasa ni stendi ya pikipiki, kingine ghala, cha tatu kimezungushiwa mabati kwa miaka minne na ndani hamna kitu ila majani. Kimebaki hicho cha nyuma ya duka langu. Wiki iliyopita alikuja kijana na futi ya kupimia, akapiga vigingi vitatu, akasema tajiri anataka kumwaga kokoto. Nilimwuliza lini, akasema wakati wowote.

Ewe mwenye ploti uliyeko Nairobi, kama gazeti hili limekufikia kabla halijawa tiara: sijui jina lako na sina neno na ardhi yako. Jenga. Lakini wa Tororo wanafika Jumamosi hii, na mstari wa majivu umeshachorwa upya. Kokoto zako zisubiri Januari, shule zifunguliwe.